Uji wa Ukuta

Uji aliobeba Kalunde Mihayo asubuhi ile haukuwa wa kunywa, ingawa mlinzi wa ngazi za Gerezani alimwambia, kama kawaida ya walinzi, "Mama, na sisi utuachie kikombe." Ulikuwa mweupe, mzito, wenye harufu ya kombe lililochomwa, na ulikaa ndani ya mtungi wa plastiki uliofungwa mgongoni kwa mikanda. Mlinzi angeunywa, tumbo lake lingegeuka dari ya chokaa. Kalunde alimwambia hivyo, wakacheka, akapanda.

Juu kulikuwa na upepo. Bustani ya Reli ilianzia pale na kunyooka kuelekea Ilala, juu ya nguzo zilezile zilizobeba treni kabla treni hazijafukiwa ardhini kama mihogo. Kalunde alitembea taratibu, kidogo kwa uzito wa mtungi, zaidi kwa sababu miguu haikutaka kufika. Alikuwa hajaikanyaga bustani hii tangu utotoni. Kazi yake ya kutunza chokaa hai ilikuwa imemzungusha Mtwara, Kilwa, Tanga, kila penye ukuta unaopumua, na kila alipoitwa Dar es Salaam alipata udhuru. Safari hii udhuru ulikuwa umekwisha.

Mabehewa mawili ya zamani yalikuwa yameachwa relini, na mwarobaini umetoboa paa la moja na kutoa kichwa nje kama abiria anayemtafuta muuza karanga. Mbele kidogo, msanii fulani alikuwa ametengeneza bajaji kubwa kwa mabati ya mapaa yaliyobomolewa. Upepo ukiipitia inatoa ule mlio, trrr, trrr, ambao vijana wa leo wanaurekodi bila kujua ulikuwa wa nini. Kalunde alijua. Alikuwa amepelekwa shule ndani ya mlio ule, amebanwa na paja la mama yake, turubai la mvua likimpigapiga shavuni. Alisimama pale mpaka mtalii mmoja akamwomba asogee, apige picha.

Pande zote mbili minara ilikuwa imeikodolea bustani macho. Wasanifu walikuwa wameshindana kweli. Huyu ametoa roshani kama droo za kabati zilizosahaulika wazi, yule amefunika jengo zima kwa vigae vyenye maua ya kanga, na mwingine amebandika milango ya kuchonga kwenye ghorofa ya arobaini, milango isiyofunguka, ya kutazamwa na kunguru. Vigae vya kanga Kalunde alivipenda, hawezi kusema uongo. Ile milango aliisonya. Mlango usiopigwa hodi una kazi gani?

Ukuta wa Mihayo ulianzia pale bustani inapopita juu ya Kariakoo.

Baba yake, Mihayo Kasonso, ndiye aliyeufinyanga, mwaka ule nyumba za mwisho za Kiswahili zilipovunjwa kupisha minara. Aliutoa mtaa mzima katika chokaa: nyumba za vyumba sita, mapaa ya bati, ukumbi unaoonekana mpaka uani, mwanamke anachochea jiko, wanaume wanacheza bao, jenereta la duka limefunikwa gunia. Chini ya ukuta wote akajenga baraza la kweli, ili aliyechoka kutembea akae kwenye mtaa uliokufa. Na kwenye nyumba yao wenyewe, kando ya mlango, alimfinyanga mkewe Nyamizi ameketi, amembana Kalunde mdogo kati ya magoti, anamsuka.

Sura hiyo ndiyo Kalunde aliyoijia.

Mama alifariki mwaka uliofuata uzinduzi wa ukuta, na shangazi akamchukua Kalunde kwenda Tabora. Picha hakuwa nazo. Kizazi chake chote hakina picha za utotoni. Wazazi walizitunza kwenye ghala la mbali lisiloonekana kwa macho, wakalipia kila mwezi, na siku lile ghala lilipofilisika nyuso za mamilioni ya watu zikaenda na maji. Sasa Kalunde alikuwa na miaka hamsini na kitu na uso wa mama yake ulikuwa umemfutika. Alikumbuka mafuta ya nazi, alikumbuka utosi unavyouma, alikumbuka sauti ikisema "tulia wewe." Uso, hapana.

Alipofika mbele ya ukuta moyo ulimshuka. Mvua na viganja vya watu vilikuwa vimeusaga. Nyumba zilibaki vivuli vya nyumba, watu wakabaki vinundu. Na juu ya vinundu hivyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho wa ukuta, palikuwa pameandikwa kwa mkaa, kwa msumari, kwa rangi ya kucha, maneno juu ya maneno.

Simu ya sikioni ikalia. Alikuwa Mhandisi Ndimbo wa ofisi ya bustani, aliyemwajiri kwa kazi hii.

"Umemwona mgonjwa?"

"Nimemwona. Hajafa bado." Kalunde alikuwa ameshabandika kipimo ukutani, na sindano yake ilikuwa ikitetemeka kidogo. "Lakini kiangazi hiki hakimalizi."

Ndani ya chokaa ile waliishi viumbe wadogo wasioonekana, ndugu wa wale wanaojenga matumbawe baharini. Ukiwamulika kwa taa yao siku moja, wanashika umbo la ukuta la siku hiyo. Tangu hapo, ukuta ukikwaruzwa, ukichorwa au ukipasuka, wao wanaurudisha kama mjusi anavyorudisha mkia, na ikifika asubuhi huoni kitu. Wanachodai ni uji kila masika. Wakiukosa wanalala, na wakilala sana wanakufa. Hawa wa Mihayo walikuwa wamelala miaka mingi. Watu walisema ni mafuriko makubwa, mjini kila mtu alikuwa na lake, ukuta ukasahaulika.

"Basi mpe uji aamke," Ndimbo alisema. "Atarudi mwenyewe alivyokuwa siku ya uzinduzi."

"Au nimmulike kwanza. Atashika leo, na haya maandishi yatabaki."

"Unaweza kummulika mara ngapi?"

"Kwa uzee huu? Mara moja tu."

"Usiipoteze. Dada Kalunde, Jumamosi ni jubilei ya ukuta. Wageni wanakuja kuona kazi ya baba yako, hawaji kusoma matusi."

"Matusi gani?"

"Si uko hapo? Soma."

Alisoma. Aliitafuta nyumba yao kwa kuhesabu vivuli vya milango, akaipata, na kando ya mlango, hasa pale ambapo mikono ya mama yake ingekuwa, mtu alikuwa amekwangua kwa msumari herufi kubwa za kuvimba: MIHAYO MPAGAZI. ALIBEBA UKUTA TOKA TABORA AKACHOKA AKAUTUA KWETU. SASA KABEBWA YEYE.

Damu ilimpanda. Mzee wa watu ametoa jasho lake kuwapa mtaa wao, halafu shukrani yenyewe ndiyo hii? Kila anayepumzika hapa na maandazi yake anamsoma baba wa mtu akiitwa mpagazi! Kalunde hakufikiri mara mbili. Alitua mtungi, akachovya brashi, akayapaka uji maneno yale yote, kipande cha ukubwa wa sinia. Juani uji haungoji usiku. Chokaa ilianza kutoa jasho, ikavimba polepole, herufi zikajaa moja baada ya nyingine kama mashimo ya barabara yanavyojaa mvua ikinyesha.

Kisha pakatokea kidole. Kikafuata kingine. Viganja viwili vikajitokeza ukutani, kimoja kimeshika chanuo, kingine kimekusanya nywele za mtoto, na kwenye kidole cha shahada palikuwa na alama ya kuungua ambayo Kalunde alikuwa ameisahau kabisa. Mafuta ya maandazi. Alikuwepo siku ile. Alikuwa chini ya meza.

Aliketi barazani akalia, bila kujali nani anapita.

Uso ulikuwa palepale juu, umbali wa mkono. Na juu yake palikuwa na maandishi mengine ya mkaa yaliyofifia, hata hakuyatazama. Alifuta macho kwa kanga, akachovya brashi tena.

"Wewe! Nani amekutuma uyarambe maneno yangu?"

Bibi mmoja mweusi, mfupi, mwenye miwani ya jua ya kijana, alikuwa anamjia mbio kwa miguu ya chuma ya kukodi, ile wanayovaa wazee, ikilia kwii, kwii. Alisimama mbele ya kile kipande, akakitazama, akageuka.

"Yalikuwa hapa. Umeyapeleka wapi?"

"Kumbe ni wewe uliyeyaandika?" Kalunde naye akasimama. "Huoni haya, bi mkubwa? Huyo uliyemwita mpagazi ni baba yangu."

Bibi alivua miwani. Alimwangalia Kalunde kuanzia kandambili mpaka kilemba, akarudia tena kwa mapana, akaanza kutabasamu kwa jino moja moja.

"Binti Mihayo? Yule wa kichwa kikubwa?" Akaketi barazani kwa kishindo. "Haya maajabu. Mimi Havijawa binti Pazi. Mtani wa baba yako. Nilimwita mpagazi akiwa hai, nikamwita mpagazi amelala kwenye sanduku. Ulitaka nimwite nani, mheshimiwa? Mzaramo amwite Mnyamwezi mheshimiwa? Angefufuka akanidai faini."

Kalunde alihisi uso unamchoma. Utani aliujua, nani asiyeujua? Walipomzika baba Tabora watani walilala njiani wakazuia jeneza, mmoja akajifanya marehemu na kudai chai, na waombolezaji wakacheka huku machozi yanawatoka. Lakini hakuwahi kufikiri kwamba baba alikuwa na mtani huku pia, na kwamba naye alikuwa na haki ya kumzika kwa maneno.

"Nisamehe, bibi. Niliyaona kama matusi."

"Ni matusi. Matusi ya halali." Bi Havijawa alitoa kipande cha mkaa kwenye mkoba wake, inaonekana hatembei bila mkaa. "Si kitu. Naandika tena."

Aliandika palepale, juu ya viganja, akisema kila neno kwa sauti. Alipofika "akachoka" Kalunde alimshika mkono. Nyuma kule, neno "Mihayo" lilikuwa linafifia. Wakasimama bega kwa bega wakalitazama likiliwa, herufi kwa herufi, mpaka chokaa ikawa nyeupe.

Bi Havijawa alirudisha mkaa mkobani. Tabasamu lilikuwa limetoweka.

"Kama ya Nyamizi," alisema.

"Ya Nyamizi ipi?"

"Hukuambiwa? Kaa." Mwenyewe alikuna kwanza goti la chuma kama vile linawasha. "Mama yako alipofariki, mtani wa msiba nilikuwa mimi. Nyumba ilishavunjwa. Mnara nao hauna uani, hauna ukumbi, matanga utayalaza wapi, kwenye lifti? Tukakaa hapa. Baraza hili lote lilikuwa watu. Nikaandika neno la kwangu ukutani, palepale usoni pake, watu wakacheka, baba yako akacheka kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Asubuhi halipo. Nikaandika tena. Halipo. Siku ya tatu nimekuja na mkaa wangu namkuta amekaa hapo ulipo wewe, anautazama ukuta. Akaniambia, 'Havijawa, huu ukuta unamnyima mke wangu matanga.' Masika yale hakuupa uji."

"Walisema ni mafuriko."

"Mafuriko yalikuja baadaye sana. Yeye ndiye aliyeulaza."

"Lakini alijua sura ingefutika!"

"Kaifinyanga mwenyewe, akose kujua? Mvua ya kwanza ilichukua pua. Alikuja hapa akalia mpaka nikamwonea haya. Nikamwambia, baba, upe uji, mimi nitaandika kwingine. Akasema hapana, andika hapohapo. Basi nikaandika, likakaa. Na wengine nao wakaanza kuleta maiti wao. Huu wote unaouona," akaupungia ukuta mkono, "ni misiba. Kila mmoja na mtani wake."

Kalunde aliinua macho. Akayatafuta yale maandishi ya mkaa yaliyofifia, juu ya viganja, mahali pa uso. Yalikuwa yamekolezwa mara nyingi, mtu akipita juu ya herufi zilezile mwaka hadi mwaka. NYAMIZI MSUSI MBOVU, HUKO UENDAKO WAACHE MALAIKA NA VIPARA VYAO.

Kicheko kilimtoka kabla hajakizuia. Ilikuwa kweli! Mama alikuwa hajui kusuka. Mistari ilikwenda upogo, shuleni walimwuliza kama amejisuka gizani. Miaka yote Kalunde alikuwa amekumbuka maumivu ya utosini akayaita mapenzi, akasahau kwamba sehemu kubwa ilikuwa ufundi mbaya. Alimwona mama yake pale, si uso, bali mwanamke mzima, mkaidi, asiyekubali kushindwa na nywele za mtoto.

Brashi ilikuwa bado mkononi, uji unadondoka. Mpako mmoja tu na uso ungetokea, na pua yake. Na lile neno lingeliwa.

"Naweza kuumulika," alisema, zaidi kujiambia mwenyewe. "Ushike leo. Ya mama yatabaki, yenu yote yatabaki."

"Na ya kesho?"

Ya kesho yangeliwa asubuhi yake. Ukuta uliomulikwa hauna kesho, hilo Kalunde alilijua kuliko yeyote.

"Nauliza kwa sababu ya nafsi yangu, nisikufiche," Bi Havijawa alisema. "Mimi mwaka huu siumalizi. Wanangu nimeshawaambia."

"Mungu atakuweka, bibi."

"Mwaka jana pia niliwaambia, na mwaka juzi. Wananicheka. Lakini safari hii nausikia mwili. Na watani wangu wote wa Kinyamwezi wametangulia. Vijana wao wako minarani huko, hata mtani ni nini hawajui. Nimewaandika watu maisha yangu yote, binti Mihayo. Nizikwe kavukavu hivi, kila mtu anasema nilikuwa mtu mzuri?"

Simu ikalia. Uji ulikuwa umeanza kugandia ukingoni mwa mtungi. Ukifunguliwa hauna muda mrefu.

"Vipi, dada?" Ndimbo aliuliza. "Siku ipi, ya uzinduzi au ya leo?"

Kalunde aliangalia viganja vya mama yake. Alitaka ule uso. Tusidanganyane, aliutaka kuliko kazi, kuliko jina la baba yake, na angeweza kuupata, na hakuna ambaye angemlaumu. Alijaribu hata kujiambia kwamba bibi yule ni mgeni kwake. Halafu akamfikiria baba yake ameketi hapa chini ya mvua, uji upo nyumbani, anaiangalia pua ikiondoka.

"Hakuna siku, mhandisi. Siulishi."

"Utakufa huo!"

"Utakufa. Utabaki chokaa ya kawaida, itakayochakaa kama kuta nyingine."

"Na utaanguka. Si wakati wetu, lakini utaanguka. Unaelewa unachokisema? Sina mwingine wa kumleta kabla ya Jumamosi, na wewe sitakuita tena."

"Naelewa, kaka. Nisamehe. Waambie wageni waje na mkaa."

Alikata. Aliubeba mtungi mpaka katikati ya reli za zamani akaumwaga kwenye kokoto, na ukaganda palepale, mweupe. Akarudi ukutani. Alikiegemea kile kipande kilichoamka, akaweka kiganja chake juu ya kile cha chokaa. Kingelala tena baada ya siku chache, kwa njaa, na vidole navyo vingeanza kusagika. Alilia tena, kwa sauti safari hii, na Bi Havijawa alimwacha alie kiasi chake.

Kisha bibi akaona imetosha.

"Mnyamwezi gani wewe," bibi alisema. "Babu zako walibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji mpaka Bagamoyo. Wewe mtungi mmoja wa uji umekushinda njiani."

Kalunde alipenga kamasi kwa ncha ya kanga. Hakuwahi kumtania mtu katika maisha yake. Shangazi alikuwa mlokole, nyumbani hawakutania. Lakini kitu kilimpanda kifuani, kikali na kitamu.

"Wewe Mzaramo unyamaze. Mji mzima huu mliuuza kwa sahani ya pilau na ngoma ya usiku mmoja."

"Ee!" Bi Havijawa alikaa wima. "Na pilau lenyewe halikuwa na nyama. Endelea."

"Na la kwako ninalo tayari."

"La kwangu lipi?"

Kalunde alimwonyesha nafasi tupu ukutani, juu kidogo ya baraza alilokalia, akawa kama anaisoma. "Hapa alikaa Bi Havijawa. Aliaga kila mwaka. Safari hii tumemwamini."

Mdomo wa bibi ulibaki wazi. Kisha kicheko kilianzia tumboni kikapanda, mabega yakatikisika, miguu ya chuma ikalia kwii kwii kwii, watu waliokuwa wakipita wakageuka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na machozi yakamfuata kidevuni, na hakuyafuta. Aliushika mkono wa Kalunde kwa nguvu ambazo mtu hangezitarajia.

"Hilo," alisema alipopata pumzi. "Hilohilo. Usije ukaongeza neno."

"Siongezi."

"Hebu liseme tena, nisikie kama unalikumbuka."

Kalunde akalisema tena.